Ndago Yenye Kifuko

Mwanafunzi mmoja wa Kasomeno ametuletea mzigo mdogo kwa mkono wa dereva wa lori apitaye huko kwenda Lubumbashi na samaki wa Kasenga. Ndani ya gazeti kuukuu mlikuwamo shungi moja la majani, limebanwa vizuri likakauka, na pamoja nalo barua ya kurasa mbili. Barua hiyo ilitupendeza kuliko nyingi tupokeazo, kwa kuwa mwandishi wake hakuuliza tu, "Huu ni mmea gani?", bali alitoa jibu lake mwenyewe na sababu zake. Jibu lenyewe si sahihi. Lakini kosa lake ni kosa la mtu aliyetazama kwa macho yake, na makosa ya namna hiyo yastahili kuelezwa kwa kirefu.

Asemayo ni haya. Shuleni kwao walisoma habari za milima ya Rwenzori, na mwalimu akawaeleza ya kwamba huko juu kuna vinamasi vya baridi, na katika vinamasi hivyo huota ndago iitwayo Carex, ambayo kila ua lake la kike limefungwa ndani ya kifuko kidogo. Siku ya Jumamosi kijana wetu akaenda katika dembo la kijiji chao, yaani lile bonde pana lisilo na miti, ambalo ardhi yake hubaki na unyevu hata majani ya vilimani yamekwisha kukauka. Akaona ndago yenye kichwa cheupe. Akakipasua kichwa kile, akakitazama kwa kioo cha kukuzia alichoazimwa na mwalimu wake, na tazama, kifuko kimo! Basi akaandika: "Carex ya Rwenzori iko kwetu."

Alikuwa na haraka, na sababu ya haraka hiyo imo katika ukurasa wa pili. Wazee wa kijiji wamekata shauri kuchimba mfereji katikati ya dembo, maji yapungue, wapate kulima nyanya na kabichi wakati wa kiangazi. Bibi yake huchota maji katika kisima kilicho ukingoni mwa dembo hilo hilo. Kijana anatumaini ya kwamba dembo likijulikana kuwa na mmea adimu wa milimani, wazee watauacha mfereji wao. Aomba jibu kabla ya majembe kuanza kazi.

Basi tuanze na shina. Watu wengi huita nyasi kila kitu chembamba na cha kijani kiotacho pasipo kupandwa, na ndago nazo huhesabiwa humo. Mkulima ndiye ajuaye tofauti, maana ndago ya shambani, ambayo wataalamu huiita Cyperus rotundus, humchosha mgongo: aing'oa leo, kesho kutwa imerudi, kwa kuwa vijiazi vyake vimebaki udongoni. Mafunjo yaotayo katika maji, yapitayo kimo cha mtu maradufu, ni ndugu yake huyo huyo. Jamaa yote ya ndago ina aina zaidi ya 5,000 duniani. Shina la nyasi kwa kawaida ni mviringo, lina uwazi ndani, na lina mafundo kama muwa; majani yake hutoka kwa safu mbili. Shina la ndago halina mafundo toka chini mpaka kichwani, ndani limejaa, na mara nyingi lina pembe tatu; majani yake yako kwa safu tatu. Tena itazame ala, ile sehemu ya chini ya jani ilizungukayo shina. Ala ya nyasi kwa kawaida ni kama koti lisilofungwa vifungo. Ala ya ndago ni kama mkono wa shati, umeshonwa pande zote.

Shina la mwanafunzi wetu tulilikata kwa wembe. Pembe zake si kali, kidole chateleza juu yake, na hapo mtu mwenye haraka angalisema si ndago. Lakini ndani limejaa, na fundo halina hata moja. Ni ndago. Hapo amepata.

Sasa twende mlimani alikotaja yeye. Ukoo wa Carex una aina zipatazo 2,000, na nyingi sana hukaa katika nchi za baridi, kama Ulaya ya kaskazini, Siberia na Kanada. Katika nchi zetu za joto ukoo huu hupenda kupanda juu, ambako baridi yapatikana. Ile aliyoisikia mwanafunzi huitwa Carex runssoroensis. Jina la pili latokana na Runssoro, namna Wajerumani wa zamani walivyoliandika jina la Rwenzori. Mwaka 1891 Franz Stuhlmann, aliyekuwa akisafiri pamoja na Emin Pasha, aliupanda mlima ule kwa upande wa magharibi, ambao leo ni wa Kongo, akafika karibu mita 4,000. Mimea yake ilipelekwa Berlin, na Karl Schumann wa mji huo ndiye aliyeipa ndago hii jina lake.

Msafiri apandaye kwa upande wa Uganda, akilifuata bonde la mto Bujuku, hufika katika mita 3,400 hivi mahali paitwapo Bigo. Mbele yake hulala uwanja wa maji na tope jeusi, na juu ya tope hilo vimesimama vichuguu vya majani, kimoja kimoja, vingine vyafika kiunoni mwa mtu. Asiyejua hudhani ya kwamba chini kuna jiwe au kisiki. La, kichuguu chote ni mmea mmoja pamoja na mabaki yake. Majani mapya huchomoza daima juu ya mashina na mizizi ya majani ya zamani, nayo ya zamani hayaondoki; hubaki yamening'inia pande zote kama blanketi, yakizikinga chipukizi zilizo katikati usiku jalidi inapoanguka, maana huko mchana jua huchoma na usiku maji huganda. Kabla ya kujengwa njia za mbao, wapagazi waliruka toka kichuguu hata kichuguu wakiwa na mizigo, na aliyekosa hatua alizama mpaka magotini, au zaidi.

Kati ya vichuguu hukaa kuvumwani inyonyayo maji kama sifongo. Kandokando huonekana lobelia zilizosimama kama mishumaa mikubwa, na mahali palipoinuka kidogo pana senesio, miti yenye vichwa vya majani mfano wa kabichi. Chini ya yote pana maji ya baridi yasiyo na hewa ya kutosha, yenye uchachu. Katika maji ya namna hiyo jani likifa halimalizi kuoza. Hushuka, hulala juu ya wenzake, na tabaka huongezeka miaka hata miaka. Tope la maziwa ya huko nalo hutunza vitu vivyo hivyo. Daniel Livingstone wa Marekani alichimba katika tope la ziwa Mahoma, katika Rwenzori hiyo hiyo, na mwaka 1967 akachapisha habari za chavua iliyohifadhiwa humo kwa zaidi ya miaka 10,000. Kwa chavua hiyo akaweza kusema mimea gani ilikuwapo zamani na gani ilikuja baadaye. Hatujui daftari jingine la kale lililotunzwa vizuri hivyo bila mtu wa kulitunza.

Hata huko mlimani mtu asione kichuguu akatamka jina. Yuko ndugu mwingine, Carex monostachya, ambaye naye hufanya vichuguu katika vinamasi vya mlima Kenya na vya Aberdare. Jina lake lamaanisha "mwenye suke moja", na ndivyo alivyo: juu ya shina suke moja tu. Yule wa Rwenzori huwa na masuke kadha wa kadha juu ya shina moja. Na yule wa Rwenzori si wa Rwenzori peke yake, kwa kuwa ameonekana hata mlima Elgon. Olov Hedberg wa Sweden, aliyezunguka katika milima hii mwaka 1948, alichapisha mwaka 1957 kitabu cha mimea ya vilele hivyo, na mtu akikisoma ataona jinsi mtaalamu mwenyewe alivyosita mara nyingi kabla ya kusema "hii ndiyo."

Turudi kwenye kifuko, maana hapo ndipo kijana wetu alipopotea, na hatumlaumu. Katika Carex ua la kike na ua la kiume hayakai pamoja. Ua la kiume lina gamba lake na nyuzi zake za chavua, basi. Ua la kike limo ndani ya kifuko kilichofungwa pande zote, umbo lake kama kichupa chenye shingo. Katika mdomo wa kichupa hutokeza vishikizo viwili au vitatu vya kupokea chavua, na ndani imo kokwa moja. Kifuko hicho ndicho alama ya ukoo. Hivyo mwalimu alisema kweli. Ila hakusema, na pengine hakuwa na nafasi ya kusema, ya kwamba wako wengine katika jamaa ya ndago waliojifanyia vifuko kwa njia yao wenyewe.

Tulikiloweka kichwa cheupe katika maji ya moto muda wa nusu saa, kikalegea. Kisha kwa sindano tukatenga magamba moja moja. Kila gamba limejikunja likaikumbatia kokwa, nalo limerefuka mbele likawa kama ulimi mweupe. Ndimi hizo nyingi zikikusanyika ndizo zinazokifanya kichwa kifanane na ua dogo la bustani. Basi kifuko kimo kweli. Lakini humo humo ndani ya gamba lile lile, pamoja na kokwa, tulikuta nyuzi za chavua. Ua moja lina kike na kiume pamoja. Carex haina jambo hilo kamwe. Kwa uzi mmoja wa chavua, mwembamba kuliko unywele, shauri la Rwenzori limekwisha.

Mmea wake ni wa kundi ambalo kwa miaka mingi liliitwa Ascolepis, na jina hilo, tafadhali, lamaanisha "gamba lenye umbo la kifuko"! Kumbe wataalamu wenyewe walikiona kile kile alichokiona yeye, wakakitia katika jina. Siku hizi, baada ya kuchunguza chembe za urithi, wameliingiza kundi hilo ndani ya ukoo wa Cyperus. Kwa hiyo ndago ya kichwa cheupe ni ndugu wa mafunjo na wa ile ndago msumbufu ya shambani, wala si wa Carex. Twaona yakaribia sana aina iliyoitwa Ascolepis capensis. Hatupigi muhuri bado, kwa sababu kokwa zilikuwa changa na shina halikuletwa na mizizi yake. Jina kamili la mmea halitolewi kwa nusu ya mmea.

Yumkini mtu atauliza: mbona hamkutazama tu urefu wa nchi? Uwanda wa Kundelungu, ulio mrefu kuliko nchi zote za jirani na Kasomeno, waishia katika mita 1,700 na kitu, na vinamasi vya Carex ile vyaanza karibu na 3,000. Ni kweli, hesabu hiyo yaonyesha upande wa kuelekea. Lakini urefu ni shahidi wa mbali; mimea imekwisha kuwaaibisha wengi waliotegemea ramani tu. Tena tofauti kubwa kati ya dembo na kinamasi cha Rwenzori ni namna maji yanavyokaa, kuliko mita zenyewe. Rwenzori hunyeshewa karibu mwaka mzima na kinamasi chake hakikauki. Dembo la Katanga hupokea mvua ya msimu mmoja, toka mwezi wa 11 mpaka wa 4 hivi, kisha miezi mingine yote huishi kwa akiba. Juu hukauka, na pengine moto hupita. Chini unyevu hubaki, ukitiririka polepole kuelekea kijito. Ndago ya kichwa cheupe yajua maisha hayo. Ile ya vichuguu ingekufa mwaka wa kwanza.

Sasa la mfereji. Hatuwezi kumwandikia kijana ya kwamba mmea wake ni adimu. Ascolepis capensis, ikiwa ndiyo, yapatikana katika nchi nyingi za Afrika hata kusini kabisa. Anayetaka ndago adimu ya Katanga aitafute juu ya vilima vya shaba, ambako hukaa ile iliyoitwa Ascolepis metallorum, "ya madini", iotayo juu ya ardhi yenye shaba na kobalti ambayo huua mimea mingine. Paul Duvigneaud wa Brussels na wenzake walijishughulisha sana na mimea ya vilima hivyo katika miaka ya 1950 na 1960. Na vilima hivyo, kila mtu wa Haut-Katanga ajua, vinachimbwa. Lakini hilo ni shauri jingine, na twaomba lisichanganywe na dembo la kijiji.

Kijana ameshika silaha isiyo yake. Angewaambia wazee, "Hapa pana mmea wa Rwenzori," na kesho akaja mtu mwenye kioo kizuri zaidi akasema, "La, ni ndago ya kawaida," mfereji ungechimbwa siku ile ile, na neno lake lisingesikiwa tena. Hoja yake ya kweli ilikuwa katika mstari mmoja wa barua, naye aliupita haraka: kisima cha bibi. Ndago zile, ziwe na jina au zisiwe nalo, zaonyesha mahali ambapo maji yako karibu na uso wa ardhi muda mrefu wa mwaka. Mfereji wa katikati ukichimbwa, mwaka wa kwanza nyanya zitakuwa nzuri. Hatusemi uongo kuwatisha wazee. Baadaye maji yaliyokuwa yakitoka polepole hutoka kwa haraka, kingo hukauka kwanza, na kisima cha ukingoni hushuka. Tena mvua kubwa ikija, maji hukimbilia mferejini, nao huweza kuchimbika ukawa korongo.

Huko Rwenzori waliona jambo la namna moja, ingawa chanzo chake si mfereji. Mwaka 2012 moto uliunguza uoto wa sehemu za juu za mlima. Tarehe 1 Mei 2013 mto Nyamwamba ukafurika, ukabomoa nyumba, ukaingia hata katika hospitali ya Kilembe. Watafiti waliochunguza mafuriko yale walisema mvua ya siku ile haikuwa kubwa kupita kawaida, nao wakautaja moto wa mwaka uliotangulia miongoni mwa sababu. Uoto wa juu ukiondoka, maji hayana wa kuyachelewesha.

Wala wazee hawana kosa kutaka mboga za kiangazi. Watoto wale nini? Katika madembo mengi ya nchi hizi na za jirani yetu Zambia watu wamelima tangu zamani kandokando, juu ya matuta yaliyoinuliwa, wakichimba vishimo vidogo vya maji ya kumwagilia, na sehemu ya katikati yenye ndago wakaiacha kama ilivyo. Mavuno ni madogo kuliko yale ya mwaka wa kwanza wa mfereji, twakubali, na kazi ya kumwagilia ni nyingi.

Twamshauri mwanafunzi wetu asiende mbele ya wazee na gazeti mkononi. Atafute kamba, aifunge mafundo kila shibiri moja, amwombe bibi yake ruhusa ya kupima maji ya kisima kila Jumamosi, na kuandika katika daftari. Kisha bibi mwenyewe aseme barazani. Yeye amekichota kisima hicho miaka mingi kuliko umri wa wengi watakaokaa pale, na hakuna atakayemwambia kwamba amesoma vibaya.

Na kwa habari ya mmea: atuletee mwingine mwezi wa 4 au wa 5, kokwa zikiwa zimekomaa, pamoja na mizizi yake iliyooshwa. Aubane kati ya magazeti, abadilishe magazeti kila siku mpaka ukauke, maana shungi la kwanza lilianza kuota kuvu upande mmoja. Aandike tarehe, mahali, kama miguu yake ilikuwa majini au pakavu, na rangi ya kichwa kabla haijafifia. Achukue mashina mawili ya namna moja. La pili tutalipeleka kwa wataalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Kioo cha kukuzia tumempa dereva yule yule, kimefungwa ndani ya kitambaa cha buluu, ili kile cha mwalimu kirudishwe kwa mwenyewe.